Miezi kumi na tisa kati ya Supabase na Strapi

Mnamo Agosti 2023 nilikabidhiwa kazi ambayo, kwa maelezo ya mdomo, ilionekana kuwa ya wiki sita. Taasisi ndogo ya ushauri wa kilimo yenye ofisi Morogoro ilitaka programu ya simu itakayofanya mambo matatu: kuchapisha makala za ushauri kwa Kiswahili, kuonyesha bei za mazao kutoka masoko machache likiwemo soko la mahindi la Kibaigwa, na kumwezesha mkulima aliyejiandikisha kuuliza swali akajibiwa na mtaalamu. Upande wa programu nilikuwa peke yangu, nikisaidiwa na kijana mmoja aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo. Mkurugenzi alikuwa na sharti moja tu. Aliwahi kuachwa njia panda na fundi aliyeondoka na mfumo wake mfukoni, kwa hiyo safari hii alitaka kila kitu kiwe cha chanzo huria, yaani msimbo wake uwe wazi kwa yeyote kuutumia, na data yote iweze kutolewa siku yoyote bila kumwomba mtu.

Sharti hilo niliunga mkono bila kusita, maana kisa cha Parse nilikuwa nakikumbuka. Parse ilikuwa huduma iliyowapa watengenezaji wa programu za simu seva na hifadhi ya data; Facebook iliinunua mwaka 2013, Januari 2016 ikatangaza kuifunga, na mwaka mmoja baadaye ikafungwa kweli. Waliokuwa wamejenga programu zao juu yake walipata pa kukimbilia kwa sababu msimbo wa Parse Server ulitolewa hadharani, wakauweka kwenye seva zao wenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikiichukulia programu huria kama nyumba yenye mlango wa uani: huenda usiutumie miaka yote, lakini unalala ukijua upo.

Kwa msomaji ambaye ndiyo kwanza anakutana na majina haya, nieleze kidogo. Jukwaa la bekiendi, kama vile Supabase, Appwrite au PocketBase, hukupa kanzidata (mahali data inapotunzwa kwa majedwali), usajili wa watumiaji, hifadhi ya mafaili na API (njia ambayo programu moja huomba data kwa nyingine) vikiwa tayari, ili usiandike upya mambo ambayo kila programu inayahitaji. Mfumo wa maudhui usio na kichwa, kama vile Strapi, Directus au Payload, humpa mhariri chumba cha kuandikia: fomu, rasimu, maktaba ya picha na kitufe cha kuchapisha. Hauna kurasa za kumwonyesha msomaji. Maudhui hutoka kwa njia ya API, na kichwa unakijenga wewe mwenyewe, kiwe tovuti, programu ya simu au vyote viwili. Hata WordPress inaweza kutumika hivyo tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016. Shida ni kwamba pande zote mbili zina kanzidata, zote zina API, zote zina ukurasa wa msimamizi, na ukitazama video ya mafunzo ya dakika kumi utaapa kwamba ni kitu kimoja. Mimi niliapa.

Nilianza na Supabase, na sababu yangu ilikuwa nzuri kwa kiasi chake: chini yake kuna kanzidata halisi ya PostgreSQL, na SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, ninaijua. Alasiri moja ilitosha kuunda jedwali la makala, jedwali la bei na jedwali la wakulima, na kabla ya magharibi programu ya simu ilikuwa inasoma makala ya majaribio kutoka seva iliyoko Frankfurt, Ujerumani. Nilimwonyesha mkurugenzi, akafurahi, nami nikajiona bingwa.

Ubingwa huo ulidumu hadi nilipomkabidhi mhariri. Alikuwa mama mtu mzima aliyefanya kazi ya redio kwa miaka mingi, anayejua kumweleza mkulima jambo gumu kwa sentensi tatu, na ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kujua kanzidata ni nini. Nilimfungulia ukurasa wa majedwali nikamwonyesha kisanduku cha kuandikia. Makala yake ya kwanza, iliyohusu viwavijeshi vamizi, ilikuwa na maneno zaidi ya elfu moja, na yote yalipaswa kuingia ndani ya kisanduku kimoja kilichofanana na cha lahajedwali. Aya ziligandana. Picha hakuona pa kuiweka. Siku ya tatu alifuta mstari mzima wa jedwali, yaani makala yote, kwa bahati mbaya, na hapakuwa na rasimu wala toleo la awali la kurudia. Alinipigia simu kwa upole ulioniumiza kuliko hasira: “Mwanangu, hapa ninaandika makala au ninajaza daftari la mahudhurio?”

Hapo ndipo nilipaswa kusimama na kufikiri upya. Badala yake nilifanya kosa lililonigharimu kuliko yote. Nilijiambia kwamba nitamjengea ukurasa wa uhariri mimi mwenyewe, na nikakadiria wiki mbili. Zilikuwa kumi na moja. Kila wiki nilikuwa nagundua chumba kipya katika nyumba ambayo nilidhani ina sebule tu. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka Word yalikuja na takataka za muundo zilizoharibu ukurasa. Picha za simu za megabaiti sita zilihitaji kupunguzwa, la sivyo bando la mkulima lingeisha kwa makala moja. Mhariri alitaka kuona makala itakavyoonekana kabla ya kuichapisha. Mtaalamu wa mazao alitaka kusahihisha bila kuwa na uwezo wa kufuta. Kila hitaji lilikuwa la haki, na kila moja lilikuwa limekwisha kutatuliwa na watu wengine kwa miaka mingi, katika mifumo ambayo ningeweza kuipakua bure. Nilikuwa ninatengeneza mfumo wa maudhui wa kienyeji, dhaifu, wenye mtumiaji mmoja, huku nikiamini kwamba ninaokoa muda.

Katika kipindi hichohicho kulikuwa na kosa la pili, na hili ninalieleza kwa aibu. Katika Supabase, programu ya simu huwasiliana na kanzidata moja kwa moja kwa kutumia ufunguo wa umma ambao mtu yeyote anaweza kuuchomoa ndani ya programu. Huo si udhaifu, ndivyo ilivyokusudiwa, kwa sharti kwamba umewasha ulinzi wa kila mstari wa PostgreSQL na kuandika kanuni za nani asome nini. Majedwali niliyoyaunda kwa fomu ya ukurasani yaliwashiwa ulinzi huo yenyewe. Jedwali la wakulima nililiunda kwa amri ya SQL, na hapo ulinzi hauwaki mpaka uuwashe wewe. Sikuuwasha. Kijana wa mafunzo ndiye aliyegundua, alipokuwa akijaribu API kwa kujifurahisha, akapata majina na namba za simu za wakulima wote wa majaribio bila kuingia kwenye akaunti yoyote. Walikuwa wachache, na kumbukumbu za seva hazikuonyesha mtu mwingine aliyefika hapo, lakini usiku ule sikulala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, miezi michache tu kabla ya kazi yetu, na nilijua vizuri kwamba mbele ya sheria hiyo “nilisahau” si utetezi.

Tangu siku hiyo nina desturi mbili. Kila jedwali jipya hujaribiwa kwa ufunguo wa umma, bila akaunti, kabla ya kutiwa mstari wowote wa kweli. Na ule ufunguo wa pili, ufunguo mkuu unaoruka kanuni zote, hauingii kamwe ndani ya programu ya simu, hata kwa majaribio ya dakika tano. Kwa anayeanza, ningesema ajifunze kuandika kanuni hizo kabla ya kujifunza kitu kingine chochote katika jukwaa la aina hii, kwa sababu ndizo zinazobeba kazi ambayo zamani ilibebwa na msimbo wa seva.

Januari 2024 nilikubali yaishe. Nilirudi kutoka mapumziko ya mwisho wa mwaka na kukuta mradi wetu wa bure umesimamishwa kwa kukaa zaidi ya wiki moja bila shughuli, jambo ambalo limeandikwa wazi katika masharti na ambalo sikuwa nimelisoma. Niliurudisha kwa kubofya mara moja, lakini ile siku ya kukaa mbele ya ukurasa uliolala ilinipa nafasi ya kutazama nilichokuwa nimekijenga. Nikapakua Strapi, iliyokuwa katika toleo la 4. Siku hiyohiyo nilikuwa na aina ya maudhui inayoitwa Makala, yenye kichwa, mwandishi, zao, msimu, picha na mwili, pamoja na rasimu na uchapishaji. Majina ya visanduku niliyaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa mfumo unaruhusu kubadilisha lebo anazoziona mhariri. Mama aliingia, akatazama, akaandika makala nzima bila kunipigia simu. Kazi ya wiki kumi na moja niliitupa, na sikusikitika hata kidogo.

Kosa la tatu lilizaliwa na furaha hiyo. Kwa kuwa Strapi ilitatua tatizo la mhariri ndani ya siku moja, niliamua kuhamishia kila kitu humo, wakulima na maswali yao wakiwemo, ili nibaki na mfumo mmoja wa kutunza. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung’ongo, na mimi baada ya kuumwa na Supabase sikutaka hata kuisikia.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa barua pepe. Sehemu ya watumiaji ya Strapi inamtazamia kila mtumiaji awe na anwani ya barua pepe, na wakulima wetu walikuwa na namba za simu. Nikabuni anwani za bandia zilizoundwa kutokana na namba zao, mbinu iliyofanya kazi mpaka pale watu wawili wa nyumba moja walipotaka akaunti mbili kwa simu moja. Kikwazo cha pili kilikuwa kizito zaidi. Ruhusa katika mfumo ule zimepangwa kwa wadhifa na kwa tendo: aliyeingia kwenye akaunti anaweza kusoma maswali, au hawezi. Kwamba asome maswali yake tu na si ya jirani yake, hilo ni msimbo utakaouandika mwenyewe kwa kila aina ya data. Niliuandika mara nne, kila mara kwa hofu kwamba nimeacha mwanya, huku nikikumbuka kwamba katika PostgreSQL ile kanuni ya mmiliki ilikuwa mistari miwili.

Mambo ya seva nayo yalikuwa na ada yake. Nilikodi seva ya gigabaiti moja ya kumbukumbu kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, na kila nilipojenga upya ukurasa wa msimamizi kumbukumbu ilijaa, kazi ikakatika katikati. Gigabaiti mbili ndicho kiwango ambacho ningemshauri mtu aanze nacho. Kisha nikaweka mfumo ndani ya kontena, kifurushi kinachobeba programu na vyote inavyohitaji na ambacho hubadilishwa kizima kwa kila toleo jipya, bila kugundua kwamba picha zinazopakiwa huhifadhiwa, usipobadilisha mpangilio, katika folda iliyomo ndani ya kontena lenyewe. Nilipotoa toleo jipya, kontena la zamani liliondoka na picha zote za miezi miwili. Kanzidata ilizikumbuka kwa majina, lakini zenyewe hazikuwepo. Mama alikuwa amezihifadhi nyingi katika WhatsApp, ndiyo nakala yetu ya akiba ikawa hiyo, na tulitumia siku tatu kuzirudisha moja baada ya nyingine. Kama unasoma hapa kabla ya kuanza, hamishia mafaili kwenye hifadhi ya nje siku ya kwanza, hata kabla ya kuunda aina ya maudhui ya kwanza.

Halafu ikaja tarehe 12 Mei 2024. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti nchini ikadorora kwa namna ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona tangu nyaya hizo zifike katika pwani yetu mwaka 2009 na 2010. Programu yetu iliita Ulaya kwa kila skrini iliyofunguliwa, kwa hiyo ilikufa kabisa. Mkulima aliyekuwa amesoma makala jana hakuweza kuisoma leo. Nilipotulia niliona kwamba makala haina sababu ya kuombwa upya kila mara, kwa kuwa inaandikwa mara moja na kusomwa mara elfu. Mhariri anapobofya kuchapisha, mfumo wa maudhui unaweza kutuma ishara, makala zote zikatengenezwa kuwa mafaili ya kawaida, na programu ya simu ikayashusha pale mtandao unapopatikana na kuyahifadhi. Tangu tulipofanya hivyo, Strapi inaweza kuzimwa usiku kucha na hakuna msomaji atakayejua. Swali la mkulima haliwezi kutendewa hivyo, maana ni jipya kila mara, ni lake peke yake, na linasubiri jibu.

Ni katika kulifanyia kazi tatizo hilo ndipo nilipoona kile ambacho kingeniokolea karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimelinganisha mifumo kwa orodha za uwezo wake: ipi ina API ya GraphQL, ipi ina ukurasa mzuri, ipi ina nyota nyingi GitHub. Nilipaswa kuanza na watu. Nilichukua karatasi nikaandika kila aina ya data tuliyonayo, na mbele yake nikajibu swali moja: nani ataandika, na nani atasoma? Makala zinaandikwa na watu watatu na kusomwa na wote, na watatu hao wanahitaji rasimu, usahihishaji na chumba kizuri cha kuandikia. Hiyo ni kazi ya mfumo wa maudhui. Maswali na wasifu wa wakulima vinaandikwa na kila mtu, kila mmoja kuhusu mambo yake, na kila mstari una mwenyewe. Hiyo ni kazi ya jukwaa la bekiendi. Karatasi hiyo ilinichukua robo saa, na hadi leo sianzi mradi bila kuiandika.

Kufikia Septemba 2024 tulikuwa na mifumo miwili bega kwa bega: Strapi kwa makala, Supabase kwa akaunti na maswali. Wakulima sasa wanaingia kwa namba ya simu na msimbo wa SMS, na zile anwani za bandia nilizifuta kwa raha zangu. Najua wapo watakaosema kwamba mifumo miwili ni mzigo mara mbili. Ni kweli kwamba kuna nakala mbili za akiba za kuangalia na masasisho mawili ya kufuatilia. Lakini mzigo wa kulazimisha mfumo mmoja ufanye kazi isiyo yake nilikuwa nimeubeba mara mbili tayari, upande huu na upande ule, na najua uzito wake.

Jambo lililonisumbua baada ya hapo lilikuwa mshono kati ya mifumo hiyo. Mkulima anaweza kuhifadhi makala anayoipenda. Orodha hiyo ni yake, kwa hiyo iko Supabase, lakini makala iko Strapi. Niliunganisha kwa namba ya utambulisho ya makala, ile ndogo ya tarakimu. Tulipohamia toleo la 5 la Strapi, orodha za wakulima zilianza kuonyesha nafasi tupu. Katika toleo hilo kila uchapishaji unaweza kuunda mstari mpya wenye namba mpya, na kitambulisho cha kudumu ni kingine, kirefu, cha herufi na tarakimu. Maelezo hayo yamo katika mwongozo wa kuhama, nami niliusoma baada ya kuhama. Sasa kila makala ina msimbo wetu wenyewe tunaoutoa sisi, usiotegemea mfumo wowote, na huo ndio unaovuka mshono. Yeyote anayeunganisha mifumo miwili namshauri afanye hivyo mapema, kwa sababu mfumo una haki ya kubadili namba zake za ndani, nawe huna haki ya kulalamika.

Kuna na jambo la lugha, ambalo sikuliona likizungumzwa popote. Wakulima walilalamika kwamba wakitafuta “ng’ombe” hawapati kitu, ilhali makala zipo. Alama ya ritifaa iliyotoka katika kompyuta ya mama haikuwa ileile inayotolewa na simu za wasomaji. Kwa macho zinafanana, kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Sasa maandishi yote husawazishwa kabla ya kuhifadhiwa, na neno la utafutaji nalo husawazishwa vilevile. Isitoshe, utafutaji wa maandishi wa PostgreSQL hauji na kanuni za Kiswahili, kwa hiyo haujui kwamba “mkulima” na “wakulima” ni ndugu. Tulitumia mpangilio wake wa kawaida usiofuata lugha yoyote, tukaongeza kiendelezi cha pg_trgm kinacholinganisha vipande vya herufi tatutatu. Si kamilifu, lakini mtu anayeandika “mbolea za kukuzia” na mwingine anayeandika “kukuza mbolea” wote wawili wanafika. Jaribu utafutaji kwa maneno ya wasomaji wako kabla hujavutiwa na majaribio ya Kiingereza yaliyomo katika mafunzo.

Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini sikutumia Directus, ambayo inakaa juu ya kanzidata yoyote ya SQL uliyo nayo na kwa hiyo ingeweza kumpa mama chumba cha kuandikia juu ya PostgreSQL ileile. Niliijaribu kwa wiki mbili na ninaiheshimu sana. Kwa timu ambayo tayari ina kanzidata inayofanya kazi, ningeitazama ya kwanza. Kilichotuzuia ni lile sharti la mkurugenzi. Mwaka 2023 Directus ilihama kutoka leseni huria ya GPL kwenda leseni ya BSL, ambayo inaziruhusu taasisi zenye fedha chini ya dola milioni 5 kuitumia bila malipo. Sisi tuko mbali mno na kiwango hicho, lakini kwa tafsiri kali leseni hiyo si chanzo huria, na mkurugenzi aliposikia neno “kiwango” alikunja uso. Strapi ya jamii, yaani toleo lake la bure, ina leseni ya MIT, ambayo ni ya chanzo huria, ingawa nayo ina uwezo uliofungiwa upande wa kulipia, kama mtiririko wa mapitio ya makala. Somo langu hapo ni kusoma faili la leseni lenyewe, kwa toleo lenyewe utakalotumia, kwa sababu maneno “chanzo huria” katika tangazo yanaweza kubeba maana nyingi.

PocketBase niliitumia katika kazi nyingine ndogo, na kama mradi wako una watumiaji mia chache na seva moja, huenda hutahitaji kingine. Ni faili moja tu, kanzidata ndogo ya SQLite imo ndani yake, na nakala ya akiba ni folda unayoinakili. Mwandishi wake mwenyewe anaonya kwamba kabla ya toleo la 1.0 mambo yanaweza kubadilika, kwa hiyo masasisho yake yafanye ukiwa umekunywa chai.

Kuhusu gharama, nizitaje bila kuficha. Supabase tunailipia dola 25 kwa mwezi, kwa kiwango cha wakati ule shilingi zipatazo 65,000. Seva ya Strapi ni dola 12. Nilijaribu kuiendesha Supabase kwenye seva yetu wenyewe ili kuokoa zile 25. Inawezekana, msimbo uko wazi, lakini ni zaidi ya makontena kumi yanayotegemeana, na mtu mmoja anayefanya kazi nyingine mchana hawezi kuyalinda usiku. Baada ya wiki tatu nilirudi kwenye huduma ya kulipia. Mlango wa uani upo, na kila Jumapili pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kunakili kanzidata, inatoa data yote hadi kwenye diski ya ofisini. Mara moja kila miezi mitatu tunairudisha nakala hiyo kwenye kompyuta tupu kuona kama kweli inafufuka, na mara ya kwanza haikufufuka, kwa sababu nilikuwa nimesahau majedwali ya akaunti yaliyo katika eneo tofauti na majedwali yetu. Kwa kuwa taarifa za wakulima zinakaa nje ya nchi, taasisi ilimpa mwanasheria kazi ya kushughulikia usajili na masharti ya kusafirisha taarifa. Gharama hiyo haikuwemo kabisa katika bajeti yangu ya kwanza, na ilipaswa kuwemo.

Zimebaki bei za mazao, ambazo karatasi yangu ya robo saa haikuzipatia jibu safi. Zinaandikwa na maofisa ugani wachache na kusomwa na wote, kama makala, lakini hazina rasimu wala aya, ni tarakimu za kila siku zinazoingizwa na mtu aliyesimama sokoni na simu isiyo na mtandao wa uhakika. Niliziweka kwanza Strapi, maofisa wakashindwa kuufungua ukurasa wa msimamizi kwenye simu ndogo. Sasa ziko Supabase, zinaingizwa kwa fomu fupi inayohifadhi kwenye simu na kutuma mtandao ukirudi, na mama mhariri analalamika, kwa haki, kwamba akiona bei iliyokosewa lazima anipigie mimi. Kwa sasa fomu ina visanduku vitatu: soko, zao, na bei kwa kilo. Kulikuwa na cha nne, cha bei kwa gunia, nikakiondoa baada ya wiki moja, kwa sababu ofisa mmoja alikuwa anahesabu gunia la kilo mia na mwenzake anahesabu lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.